Mada ya Tasnifu Hupatikanaje: Mifano ya Kilwa na Pwani ya Lindi

Tasnifu ya mwanafunzi, iwe ile ya mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza au ile ndefu zaidi ya uzamili, hujengwa juu ya swali moja. Swali hilo ndilo mada. Anayesema anaandika "kuhusu Kilwa", "kuhusu uvuvi" au "kuhusu utumwa" bado hajapata mada. Amepata eneo ambamo mada inaweza kutafutwa. Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka siku ya kuanza kazi. Anayeandika kuhusu uvuvi akifika Kilwa Masoko asubuhi, atakuta ufukweni wavuvi, wachuuzi, mafundi wa mashua, kina mama wakaanga samaki, wanunuzi wa pweza na maofisa wa serikali, na hatajua amfuate nani wala amuulize nini.

Swali lenyewe lina masharti yake. Liwe halijajibiwa tayari katika kitabu cha kiada. Liwe na jibu linaloweza kuonyeshwa kwa ushahidi, siyo kwa maoni ya mwandishi. Na ushahidi huo uwe mahali ambapo mwanafunzi huyu, kwa lugha anazozijua, nauli aliyonayo na majuma aliyopewa, anaweza kuufikia. Sharti la tatu ndilo linaloangusha wengi, na ndilo linalozungumzwa kwa uchache zaidi madarasani. Vyuo hufundisha namna ya kuandika malengo, umuhimu wa utafiti na mapitio ya maandishi, lakini pendekezo la utafiti linaweza kuwa na sehemu hizo zote, likapitishwa, na bado likamfikisha mwanafunzi kijijini akiwa hana cha kushika.

Kuna umbo moja la kichwa cha habari linalojirudia katika rafu za maktaba za vyuo vya Tanzania: "Athari za" jambo fulani "kwa" watu fulani, kisha jina la wilaya. Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa wakazi wa Kilwa. Athari za utalii kwa jamii ya Lindi. Umbo hilo halina kosa la sarufi, ila linaahidi kitu kikubwa kuliko mwanafunzi anachoweza kutimiza. Kuonyesha athari ni kuonyesha kwamba jambo moja limesababisha jingine, na hilo hudai vipimo vya kabla na baada, ambavyo mtu mmoja mwenye dodoso sitini hana. Matokeo yake huwa ni orodha ya yale ambayo watu waliohojiwa wanadhani yamesababishwa na hali ya hewa au watalii. Swali dogo lingezaa zaidi. Wanawake wanaolima mwani katika kijiji kimoja cha pwani ya Kilwa huchaguaje kati ya aina mbili, ile ngumu ya spinosam na ile ya kotonii yenye bei nzuri lakini inayokufa upesi maji yakipata joto? Hilo linaweza kujibiwa na mtu mmoja: shamba linaonekana maji yakipwa, wakulima wapo, na kila uamuzi una sababu yake inayosimuliwa.

Mfano bora kabisa wa uchaguzi wa mada katika historia ya elimu ya juu nchini umetoka katika ardhi hiyohiyo. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi ambavyo leo vimo katika Wilaya ya Kilwa, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyetoa maji ya dawa, alinyongwa na Wajerumani Mohoro mwanzoni mwa Agosti mwaka huohuo. Kwa zaidi ya nusu karne habari za vita hivyo zilisomwa zaidi katika taarifa za waliovizima. Ndipo mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, chini ya walimu kama John Iliffe na Gilbert Gwassa, ilipowatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza wakakusanye simulizi za wazee. Walikwenda Umatumbi, Ungindo, Ungoni na kwingineko, wengi wao katika maeneo waliyotoka, na kila mmoja akarudi na maandishi juu ya mahali pamoja. Kazi zao zilikusanywa pamoja, na mpaka leo hakuna mwanahistoria wa dhati wa vita hivyo anayeweza kuzipita.

Inafaa kutazama kwa nini mada zile zilifanikiwa, maana haikuwa kwa sababu ya ukubwa wa chuo wala wingi wa fedha. Ushahidi ulikuwapo na ulikuwa unakwisha: kijana wa miaka kumi na mitano mwaka 1905 alikuwa mzee wa sabini na nane mwaka 1968. Mwanafunzi alijua lugha ya mzee huyo, akajua namna ya kumwamkia na wakati wa kunyamaza, na mara nyingi alikuwa mjukuu wa mtu anayefahamika kijijini. Swali lilikuwa finyu kwa mahali, hata kama vita vyenyewe vilienea kusini yote. Hakuna aliyeombwa aandike historia ya Maji Maji. Kila mmoja aliombwa aeleze ilivyokuwa kwao. Gwassa mwenyewe aliendelea na swali hilo hadi tasnifu ya uzamivu aliyoikamilisha mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mradi ule unafundisha pia kwa upungufu wake. Ulifanyika katika miaka ya mwanzo ya uhuru, taifa likitafuta mizizi ya umoja wake, na maswali yaliyoulizwa yalielekea huko: nani aliwaunganisha watu, na maji yalisambaaje kutoka kabila moja hadi jingine. Wazee walijibu walichoulizwa. Baadaye watafiti wengine walirudi na maswali tofauti wakapata majibu tofauti. Mwaka 1997 Thaddeus Sunseri aliandika juu ya njaa, nguruwe mwitu na mzigo wa kazi za wanawake Uzaramo. Mwaka 2010 James Giblin na Jamie Monson walihariri kitabu kizima cha waandishi waliotazama vita hivyo upya, sehemu kwa sehemu. Kwa hiyo mwanafunzi anayeambiwa kwamba Maji Maji "imeshaandikwa" asikate tamaa mapema. Tukio linaweza kuwa limeandikwa mara mia, na bado kukawa na swali juu yake ambalo halijaulizwa. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa aliyesoma Dar es Salaam miaka hiyohiyo, aliuliza swali la mtunzi badala ya mwanahistoria: ilikuwaje kwa mtu mmoja kubeba neno ambalo hawezi tena kulidhibiti? Tamthilia yake ya Kinjeketile ilitoka mwaka 1969.

Njia ya kufika kwenye mada kama hizo ni kuanza na ushahidi, kisha kurudi nyuma kwenye swali. Mwanafunzi wa pwani ya kusini ana bahati, kwa sababu ushahidi uliomzunguka ni wa namna nyingi. Lakini kila namna ina mlango wake na kufuli yake.

Magofu ndiyo yanayomvuta mtu kwanza. Kilwa Kisiwani kuna Msikiti Mkuu, kasri la Husuni Kubwa, Gereza na Makutani. Kusini yake, Songo Mnara kuna mji mzima wa mawe. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, Wareno waliuvamia mji mwaka 1505, na UNESCO iliviweka visiwa vyote viwili katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwanafunzi hupata hamu ya kuandika juu ya asili ya mji. Hapo kuna kufuli mbili. Ya kwanza ni ya kisheria: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu mtu kuchimba bila leseni, na leseni hiyo haitolewi kwa ajili ya zoezi la mwaka wa tatu. Ya pili ni ya kitaaluma: Neville Chittick alichimba Kilwa kwa miaka kadhaa akachapisha juzuu mbili mwaka 1974, na tarehe alizozitoa zimebishaniwa tangu hapo na wataalamu wa sarafu na vyungu. Sarafu za fedha zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, zimewafanya wengi wamrudishe nyuma mtawala Ali bin al-Hasan hadi karne ya 11. Mjadala huo ni mtamu kuufuatilia, lakini mwanafunzi asiye na maabara hawezi kuutatua.

Kinachofikika Kilwa ni kingine. Historia ya masultani wa Kilwa imehifadhiwa katika maandishi mawili, moja la Kiarabu linalojulikana kama Kitab al-Sulwa, lingine la Kireno alilolitoa João de Barros mwaka 1552. Yanapishana katika orodha ya watawala na katika habari zao. Tafsiri za Kiingereza za yote mawili ziliwekwa pamoja na Freeman-Grenville katika mkusanyiko wa hati wa mwaka 1962, na nakala zake hupatikana katika maktaba kubwa za vyuo. Mwanafunzi anaweza kuchukua kisa kimoja tu, kile cha kisiwa kununuliwa na Mshirazi kwa vitambaa vilivyotosha kukizunguka, akakilinganisha na jinsi waongoza watalii na wazee wa Kisiwani wanavyokisimulia leo. Nani ameongezwa? Nani ameachwa? Mnunuzi anatajwa kwa sifa zipi, na mwenye kisiwa aliyeuza anatajwa kwa zipi? Kazi hiyo inahitaji nauli ya mashua kuvuka mkono wa bahari kutoka Masoko, daftari, na masikio. Au mwanafunzi wa utawala achukue miaka kumi kati ya 2004, magofu yalipoingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na 2014 yalipoondolewa humo. Maamuzi ya kamati ya UNESCO yamechapishwa mwaka hadi mwaka, na waliofanya kazi ya ukarabati wengi bado wapo.

Kilwa Kivinje inadai tahadhari ya aina nyingine. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa mwisho wa njia za misafara kutoka Ziwa Nyasa na bandari kubwa ya kupakia watumwa, mpaka mkataba wa mwaka 1873 ulipopiga marufuku biashara hiyo baharini, na hata baada yake kwa siri. Mada za utumwa zinastahili kuandikwa, tena na watu wa pwani wenyewe. Lakini asili ya kitumwa ni aibu ambayo familia huificha hata kwa watoto wao, na anayezunguka mtaani akiuliza nani ni mjukuu wa nani atafungiwa milango, au, vibaya zaidi, atafunguliwa na kuacha fitina nyuma yake. Hiyo si sababu ya kuiacha mada. Ni sababu ya kubadili ushahidi. Majengo ya Kivinje, majina ya mitaa, taarifa za mabalozi wa Uingereza zilizochapishwa, na mpangilio wa makaburi vinaweza kuhojiwa bila kumfedhehesha mtu aliye hai. Msimamizi anayejali humwuliza mwanafunzi swali hili kabla ya mengine yote: je, yuko mtu atakayeumia jibu likipatikana?

Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, inaonyesha kikwazo cha lugha. Kati ya 1909 na 1913 wataalamu kutoka Berlin walichimba huko mifupa ya dinosaria, na wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, jumla ya tani zaidi ya 200. Mnyama mmoja aliyejengwa kutokana na mifupa hiyo, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimama katika jumba la makumbusho la Berlin tangu mwaka 1937. Nani hasa alichimba, nani alibeba, na walilipwaje ni maswali mazito. Shajara na barua zinazoyajibu ziko Berlin, kwa Kijerumani cha mwandiko wa zamani. Mwanafunzi asiyejua Kijerumani akichagua mada hiyo ataishia kunukuu vitabu vya wengine. Ila suala la mifupa hiyo kurudishwa, au nchi kunufaika nayo, limezungumzwa mara nyingi bungeni, na taarifa rasmi za mijadala ya Bunge ziko kwa Kiswahili, wazi kwa kila msomaji. Hoja zimebadilikaje kutoka wabunge wa kipindi kimoja hadi kingine? Mada hiyo ni ya Tendaguru ileile, na inaweza kuandikwa kwa ukamilifu na mwanafunzi aliyeko Lindi, Dodoma au popote.

Ushahidi wa bahari na mashamba una kalenda yake, na kalenda hiyo haisubiri ratiba ya chuo. Masika, kati ya Machi na Mei, barabara za ndani hukatika. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, hata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika upande wa Kilwa. Kusi likivuma katikati ya mwaka, vyombo vidogo havitoki nje ya mwamba kila siku. Mwani hushughulikiwa wakati wa bamvua, na siku za maji mafu kuna kidogo cha kuona. Minada ya ufuta chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani huchangamka kuanzia katikati ya mwaka, ya korosho kuanzia Oktoba. Kwa hiyo likizo ndefu ya chuo humfaa anayechunguza jinsi wakulima wa Mtama au Kilwa wanavyopata taarifa ya bei ya ufuta, lakini haimfai anayetaka kuona mnada wa korosho. Mwanafunzi anayeandika tarehe za msimu juu ya ratiba yake kabla ya kuandika kichwa cha tasnifu hujiokoa na huzuni kubwa.

Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, huvutia wengi kila mwaka, na wengi hukwama. Mikataba haiko mezani kwa mwanafunzi. Ushuru wa huduma unaoingia halmashauri, na yaliyofanywa kwa fedha hizo katika kata moja, huonekana zaidi: kuna bajeti, kuna vikao vya madiwani, kuna zahanati au darasa la kwenda kulitazama.

Wanafunzi wa lugha ndio walio karibu zaidi na hazina, na pengine ndio wanaoidharau zaidi. Kimgao, Kiswahili cha pwani ya Kilwa, kimeandikwa kwa uchache kikilinganishwa na Kiunguja au Kimvita. Kimatumbi kilipata uchambuzi mkubwa wa fonolojia na mofolojia kutoka kwa David Odden mwaka 1996, lakini Kimachinga hakijapata bahati ya namna hiyo. Msamiati wa mafundi wa mashua, majina ya samaki na ya pepo, namna vijana wa Kivinje wanavyozungumza nyumbani na wanavyozungumza na abiria wa basi: kila moja linatosha tasnifu, na kila moja linapungua kadiri wazee wanavyoondoka na mashua zikipewa injini. Mwanafunzi wa Kilwa anayekwenda kuandika juu ya riwaya iliyochambuliwa na watu ishirini, akaacha maneno ya babu yake fundi, amekosea hesabu.

Mada ikishaonekana, hupimwa kabla ya kuandikiwa pendekezo. Kipimo chenyewe ni kifupi. Mwanafunzi aandike swali lake katika sentensi moja isiyo na "na" katikati, kwa kuwa "na" mara nyingi huficha mada mbili. Chini yake aorodheshe vipande vitano vya ushahidi anavyojua viko wapi: jalada gani katika Nyaraka za Taifa, mzee gani, daftari la ghala gani, gazeti la mwaka gani. Asipoweza kufikisha vitano, ajue swali limetangulia ushahidi. Kisha asome tasnifu mbili au tatu za waliomtangulia katika chuo chake, siyo kwa ajili ya kunakili mpangilio wao, bali atazame sura ya mwisho, pale wanapotaja yaliyowashinda. Mada nyingi nzuri zimelala katika kurasa hizo.

Ruhusa nayo ni sehemu ya uchaguzi wa mada, wala si karatasi za mwishoni. Barua ya utambulisho ya chuo hupelekwa kwa katibu tawala wa mkoa, hushuka wilayani au halmashauri, kisha kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji, na kila ngazi huuliza lengo. Anayeweza kulieleza lengo lake kwa mtendaji wa kijiji kwa maneno ya kawaida, bila istilahi za darasani, mara nyingi ana mada iliyokomaa. Asiyeweza, na arudi kwa msimamizi.

Swali pia hubadilika njiani, na hilo halina aibu. Mwanafunzi aliyekwenda kuuliza bei ya pweza akakuta wavuvi wote wanazungumzia kufungwa kwa mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, anaweza kuhamia huko, ilimradi amwandikie msimamizi mapema na ruhusa yake ilihusu kijiji kilekile na watu walewale. Kinachopaswa kubaki ni ufinyu wa swali. Kichwa cha tasnifu ndicho kinachoandikwa mwisho, baada ya sura ya matokeo, na kitaje mahali, watu na miaka iliyochunguzwa kweli: kata moja ikitajwa kuwa kata moja, na wakulima thelathini wakitajwa kuwa thelathini. Nakala moja ya kazi hiyo hupelekwa kwenye ofisi ya kijiji kilichoitoa, ambako mtafiti atakayefuata ataanzia kusoma.